Uwanja Wenye Mageti Mawili

Jumapili, 4 Februari

Baba mkwe amekubali. Mume wangu Amon amenipigia kutoka Tunduma anakofanya kazi, baada ya ibada, sauti kama ya mtu aliyeshinda kesi, akasema Tata, ndivyo Wanyakyusa wanavyomwita baba, atahamia kwetu Mbugani kabla mvua kubwa hazijaanza. Mwaka jana mto uliingia ndani ya nyumba yake kule upande wa Itungi mpaka godoro likaelea, na mwenyewe akalala juu ya meza. Fundi aliyekwenda kuangalia anasema ukuta wa upande wa mto hautavumilia Aprili nyingine. Mzee wa miaka sabini na kitu, amefiwa na mke, yuko peke yake. Nikamwambia Amon, aletwe.

Sasa niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Huyu mzee hanipendi. Siku ya harusi yetu kule Dodoma alikaa kiti cha mwisho kabisa na kunigeuzia mgongo. Tangu tuhamie Kyela mwaka jana, kila nikienda kumsalimia nakuta katoka. Mara moja niliona kisogo chake kikipotelea kwenye mikokoa, miti yake ya kokoa. Sijui nilimkosea nini. Lakini mtu hatolewi kwenye maji kwa sababu anakupenda. Atakuja, nitamtunza, na atanizoea apende asipende.

Kitu cha kwanza ni uwanja. Chumba cha uani atakachokaa kinatazamana na mlango wa jiko langu, na hapo katikati pana kichaka cha migomba, majani makavu yananing'inia, chini maji yametuama. Mimi nashinda maabara ya kituo cha afya jicho likiwa kwenye hadubini, natafuta vimelea vya malaria na ninavipata. Siwezi kumleta mzee alale kando ya kiwanda cha mbu. Halafu kwetu Singida uwanja ni uwanja. Unafagiwa ukawa mweupe, mgeni unamwona akiwa bado mbali, na chai inabandikwa kabla hajafika. Nataka Tata akifungua mlango aione nyumba nzima, na nyumba nzima imwone yeye.

Jumanne, 6 Februari

Nimejifunza kwamba bei ya uwanja huanzia kwenye viatu vya mwenye uwanja. Fundi wa kwanza aliangalia viatu vyangu vya kazini, akataja laki tano. Wa pili hakutaja kitu. "Dokta, wewe toa utakachoona." Mimi si daktari, na hilo jibu ndilo ninaloliogopa kuliko laki tano, kwa sababu utakachoona wewe hakitamtosha yeye.

Wa tatu ni kijana anaitwa Godwin. Ana mashine ya kukatia nyasi begani, buti za mvua, na neno moja kwa kila jambo: "Hiyo ndogo." Laki nne na nusu, akasema. Nikamwambia anitajie kazi moja moja na bei yake. Kufyeka. Kukata migomba. Kung'oa visiki, ambayo ndiyo kazi ya kuvunja mgongo. Kifusi. Ukoka wa kupanda. Kila tulipotenganisha kitu, bei ilipungua bila ugomvi. Anayekupa bei moja ya uwanja mzima amekuwekea humo na wasiwasi wake wote. Tumefika laki tatu na ishirini, kifusi nanunua mwenyewe, na nusu anapata visiki vikishatoka.

Akauliza chumba kile ni cha nani. Nikasema cha mgeni.

Jumatano, 7 Februari

Mvua. Godwin hakutokea. Simu anasema yuko njiani.

Alhamisi, 8 Februari

Bado yuko njiani.

Jumamosi, 10 Februari

Migomba imelala. Walikuja asubuhi na mapanga, na kufikia saa sita kulikuwa na mwanga jikoni ambao sijawahi kuuona tangu tuhamie. Nilisimama mlangoni nikacheka peke yangu. Nilitamani wifi yangu Prisca aone, lakini amekwenda Ikombe kuchukua vyungu vya kuuza, na akienda huko harudi mpaka ziwa litulie.

Amon nilimwambia kwa simu kwamba nasafisha uwanja. "Fanya unavyoona, mke wangu." Mume mwenye maneno hayo ni raha.

Jumatano, 14 Februari

Ukoka umeshapandwa, vishada vidogo vidogo kwa mstari. Kifusi kimeinua ardhi na maji yanakimbilia mtaroni. Kutoka jiko mpaka mlango wa Tata hakuna kitu. Godwin mwenyewe alipiga picha kwa simu yake awaonyeshe wateja.

Jumamosi, 17 Februari

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Walifika saa nne kwa bajaji, Amon na Tata, na bajaji nyingine nyuma ina kitanda na kiti chake. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Nilisimama katikati ya ukoka wangu ili akiingia getini tu anione, nipige magoti, nimsalimie kama mtoto wake. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya salamu ya Kinyakyusa wiki nzima pale maabara, "Mwagonile, Tata," mpaka wenzangu wakawa wanaijibu.

Akaingia. Akatazama kushoto, ilipokuwa migomba. Akaniona. Alifungua mwavuli, na wakati huo hapakuwa na mvua wala jua, akauweka kati ya uso wake na wangu, akageuka, akatoka. Bajaji ilipopinda kona, mwavuli ulikuwa bado umefunguliwa ndani ya bajaji.

Amon aliganda getini na begi la baba yake mkononi. Nilimuuliza, "Nimemfanya nini baba yako?" Akasema, "Hapana, mke wangu, ni mambo ya zamani tu, nilidhani ameshaachana nayo." Mambo gani? "Ya zamani." Akakimbilia bajaji nyingine kumfuata. Majirani walikuwa ukutani wakijifanya wanaanika nguo. Nimelia mpaka kitenge kimechuja rangi shingoni.

Jumapili, 18 Februari

Prisca amerudi. Aliweka vyungu chini, akaangalia uwanja, akakaa juu ya ndoo. Nilitegemea atacheka, maana yeye hucheka hata msibani. Hakucheka.

"Wifi," akasema, "nani alikwambia ukate migomba?"

Nikamwambia hakuna, kichwa changu. Nikamwambia na ya mwavuli, na ya harusi, na ya kisogo kwenye mikokoa. Nikasema baba yako ananichukia na mimi nimechoka.

"Hakuchukii. Wewe ni mkamwana wake. Sisi, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawapiti njia moja, hawaingii mlango mmoja, na hawaitani majina. Ni heshima, wifi. Mama yangu hakuwahi kutamka jina la mkwewe mpaka tunamzika. Siku hizi wengi wameacha, tunakaa nao hata meza moja. Tata hajaacha."

"Na Amon kwa nini hakuniambia?"

"Amon anaona aibu mbele ya watu wa mikoa mingine, anaogopa mtatuona washamba." Akatazama pale ilipokuwa migomba. "Unajua kwa nini Tata alikubali kuja? Mliponunua hii nyumba alikuja kuikagua. Akasema hapa naweza kuishi, kuna migomba katikati."

Basi. Niliikata kwa pesa yangu mwenyewe, nikamlipa na mtu wa kung'oa visiki.

Nimemwambia Amon kwa simu maneno ambayo sitayaandika. Alikubali yote. Tata amerudi kwenye nyumba yake ya mtoni na amesema hamsumbui mtu.

Jumatatu, 19 Februari

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na akili moja. Sioni maana ya huu mwiko, na mto hautanisubiri niione. Mzee anataka asinione. Sawa. Nitamtengenezea uwanja ambao hata akitafuta hatanipata.

Nimempigia Godwin.

Jumatano, 21 Februari

Godwin alikuja akasimama juu ya ukoka aliopanda kwa mikono yake. Nilipomweleza alishika kiuno. Yeye ni wa Tukuyu, Mnyakyusa kama mume wangu.

"Dokta, ungesema ni mkweo ningeweka panga chini siku ile ile. Ulisema mgeni."

Ni kweli nilisema. Tukapima pamoja. Ua wa matete kuanzia kona ya jiko mpaka ukuta wa nyuma, mrefu kuliko mtu aliyevaa kofia. Geti la pili la Tata peke yake, litokee kichochoroni. Choo kile cha nje kiwe upande wake. Sisi tuna cha ndani.

"Hiyo ndogo," akasema. Kisha akataja bei, na haikuwa ndogo. Nikamuuliza matete yamekuwa dhahabu? Akanieleza bila haya: matete ya kiangazi unakata umesimama pakavu, ya sasa unakata maji yako kifuani. Na vijana wote wako kwenye mpunga wanapalilia. Atakayekuja kwake lazima amlipe zaidi ya anacholipwa shambani, la sivyo amfuate kwa nini? Niliikubali hoja, bei sikuikubali. Tumeachana tukiwa mbalimbali.

Jumatatu, 26 Februari

Nimekubali bei.

Ijumaa, 1 Machi

Vijana wawili wa Godwin walikuja, tukapatana kwa siku, nitakata kwenye bei yake. Mvua ilianza saa mbili. Walikaa jikoni kwangu, wakanywa chai yangu, wakasikiliza redio yangu, na jioni wakadai siku yao. Kesho ni kwa kipande: shimo la nguzo lina bei yake, mzigo wa matete una bei yake, na hasara ya mvua ni ya kwao.

Jumanne, 5 Machi

Kwa kipande, mashimo yote yamechimbwa kabla ya saa tano. Matete bado.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua, mvua. Prisca anasema mto umefika kwenye mikokoa ya chini ya Tata. Mzee mwenyewe anasema bado uko mbali. Kwa Tata kila kitu kiko mbali mpaka kiwe kitandani.

Matete hayaji, kila siku ni kesho. Nimemwambia Godwin kesho kutwa nina mapumziko, twende wote nikaone hayo maji ya kifuani.

Jumatatu, 11 Machi

Ni kweli ni ya kifuani. Nimekata matete nikiwa na suruali ya mume wangu, Prisca akifunga mizigo ukingoni na kunitania kwamba mtaalamu wa maabara leo amekuwa kiboko. Mikono imekatwakatwa, hata kushika kalamu ni shughuli. Nimeacha kabisa kumwona Godwin mwizi. Ile bei yake ina haya maji ndani yake, na ina ruba. Jioni nilimwongezea kidogo bila kuombwa na akachanganyikiwa, akadhani nimekosea.

Jumamosi, 16 Machi

Ua umesimama. Unanuka majimaji na ni wa kijani, na jiko langu limerudi gizani. Nimemlipa yote.

Jumanne, 19 Machi

Upepo wa ziwani umeuangusha wote asubuhi. Umelala juu ya ukoka kama mkeka. Sikupaswa kumlipa yote.

Jumatano, 20 Machi

Nilijiandaa kwa vita. Godwin alikuja bila kuitwa, akaangalia mashimo, akasema mashimo ni mafupi na nguzo ni nyepesi, vijana walikimbilia kipande. Hakusema upepo wala Mungu. Alisema atarudia, nguzo ninunue mimi, kazi yake bure. Safari hii anataka nguzo za miti inayochipua ikichomekwa, ili ishike mizizi na kila mwaka nisianze upya. "Kesho," akasema, na safari hii nimemwamini.

Jumamosi, 23 Machi

Umesimama tena. Nimeutikisa kwa mikono miwili kama kichaa. Hauendi popote.

Jumanne, 26 Machi

Tata amepelekewa habari na hakuamini. Amemtuma rafiki yake, Mzee Ezekiel, mzee wa kanisa, aje akague. Alikuja na fimbo na koti la suti. Mimi naruhusiwa kuonana naye, si mkwe wangu. Nikampa kiti, akakataa kiti, akaanza kazi.

Aliingia kwa geti la kichochoroni. Akasimama mlangoni kwa Tata.

"Mama, simama jikoni kwako."

Nikasimama.

"Unaniona?"

"Sikuoni, Mzee."

"Inama kama unakoka moto. Unaniona?"

"Sikuoni."

"Mimi naona kitu cha njano."

Ilikuwa ndoo yangu. Kulikuwa na upenyo chini, matete hayakugusa ardhi. Godwin, niliyekuwa nimemwita awepo, akaziba hapo hapo kwa udongo. Kisha Mzee Ezekiel akaingia chooni, akakaa humo muda mrefu, akatoka akasema choo hakina kasoro ila dirisha lake linatazama kamba yangu ya nguo. Tukahamisha kamba. Aliondoka akiwa ameridhika, na getini akanigeukia. "Nitamwambia ni uwanja wa mtu aliyelelewa." Niliingia ndani nikalia tena, safari hii ni kwa sababu nyingine.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Tata amesema atakuja mpunga wake ukianza kuchanua. Mpunga. Nimetupa kitambaa cha vyombo ukutani.

Jumatano, 3 Aprili

Leo ni kurasa nyingi, siwezi kufupisha.

Saa kumi na mbili asubuhi Prisca aligonga. Jirani wa Tata alikuwa amempigia: mto umepasua ukingo, maji yako uwani kwake na yanapanda, na yeye amekaa mlangoni anasema yatashuka. Amon yuko Tunduma, hata angepaa angefika mchana. Tulimwamsha Godwin kwa sababu anajua kuongoza mtumbwi, tukakodi bajaji hapa kituoni, bei ya kwanza aliyotaja dereva tukaikubali.

Barabara ilitupeleka hadi mahali tope lilipoishia kwenye maji. Mbele hapakuwa na mashamba tena, kulikuwa na vilele vya mpunga na migomba imesimama majini. Prisca na Godwin wakapanda mtumbwi wa watu. Mimi nikabaki. Ningefanya nini? Ningemtokea mlangoni aseme bora maji? Nilibaki barabarani na kanga kichwani na mvua ilikuwa inanipiga, na sijawahi kujiona mtu asiye na kazi kama pale. Ua nimejenga, geti nimeweka, na bado mwenye kumshika mkono akatoka lazima awe mwingine.

Walichelewa. Nilimwomba Mungu kwa Kiswahili na kwa Kinyaturu. Kisha nikasikia sauti ya Prisca kabla sijauona mtumbwi, alikuwa anamkaripia baba yake, nikajua yuko hai. Niligeuka haraka nikatazama mikokoa.

Nyuma yangu nilisikia maji, miguu, kikohozi. Kisha miguu ikasimama. Prisca akanong'ona kwa dereva, dereva akanong'ona na yeye. Nikaelewa. Bajaji ilikuwa moja. Tata asingeingia ndani yake na mimi humo, na asingesema niachwe, kwa hiyo alikuwa amesimama tu kwenye mvua na nguo zilizolowa, akitetemeka, mzee wa watu.

Nikasema kwa sauti, bila kugeuka: "Dereva, mimi naishia hapa. Nina safari yangu. Uwapeleke hao."

Prisca akasema, "Wifi, ni mbali."

"Nina safari yangu," nikarudia.

Nilisikia wanapanda. Bajaji ikanipita nikiwa nimefunika uso kwa kanga, ikaenda, kisha nikasikia inasimama mbele. Ikasimama kidogo, ikaondoka. Nilipofunua uso, pale ilipokuwa imesimama kulikuwa na mwavuli. Umefunguliwa, mpini umekitwa kwenye tope la kando ya barabara ili upepo usiuchukue.

Ni ule ule wa Februari. Nimetembea nao mpaka nikapata bodaboda, na hata kwenye bodaboda niliushika, dereva akilalamika unamvuta. Godwin aliyebaki kurudisha mtumbwi alinikuta njiani, akaniangalia, na safari hii hakusema "Hiyo ndogo."

Kabla ya mchana jirani alipiga tena. Ukuta wa upande wa mto umeanguka ndani, juu ya kitanda.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimemuuliza Prisca Tata aliokoa nini. Anasema alikataa kubeba nguo na redio. Alibeba Biblia na gunia, na kwenye gunia kuna machipukizi ya migomba.

Jumapili, 7 Aprili

Tumepata utaratibu. Chakula naweka kwenye kigoda pale mwisho wa ua, nagonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, naingia ndani. Nikirudi sahani iko pale, imeoshwa. Mwavuli niliuweka hapo hapo siku ya kwanza. Asubuhi haukuwepo.

Jumatano, 17 Aprili

Namjua sasa kwa masikio. Anaamka kabla ya jogoo, anaimba tenzi kwa sauti ya chini na mstari wa tatu anausahau kila siku. Akipenda mboga anakohoa mara moja. Nimempelekea samaki wa ziwani, mbasa, wa nazi leo, akakohoa kama mwenye kifua kikuu.

Jumamosi, 27 Aprili

Jembe linasikika upande wa pili tangu asubuhi. Prisca alichungulia akaja kunicheka: anapanda migomba kufuata ua, kutoka kona mpaka kona. "Baba anasema matete yako ni mazuri ila ni ya mwaka mmoja."

Niliwahi kuhesabu mbu wa kila mgomba. Nimenunua chandarua kipya, nikaweka kwenye kigoda, nikagonga sufuria.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua zimepungua. Amon amekuja. Usiku huu mezani alisema, akiona aibu bado, kwamba anaweza kumwomba mchungaji azungumze na Tata, mambo ya kukwepana yaishe, ua uondolewe, uwanja wangu urudi mweupe. Alidhani ananiletea zawadi. Nilimuuliza kama Tata ndiye aliyeomba. Hapana. Basi na mimi sijaomba.

Jumapili, 19 Mei

Upepo wa alfajiri umelegeza kipande cha katikati, kamba zimeoza na matete yameanza kulala upande wangu. Amon alikuwa ameshaondoka. Godwin simu haipatikani, Jumapili yupo kwaya. Nikachukua kamba mpya nianze mwenyewe kabla ya ibada.

Kazi hii inataka watu wawili. Unapitisha kamba katikati ya matete, mtu wa upande wa pili anaizungusha kwenye ufito na kukurudishia. Mimi nilikuwa napitisha, kisha nafikiria kuzunguka upande wa Tata, naona haiwezekani, nairudisha. Matete yananiangukia usoni. Nikamaliza maneno yote ya Kinyaturu ninayoyajua.

Kisha matete yakainuka. Yalisimama wima yenyewe na kubaki hivyo, na nikasikia anapumua. Alikuwa ameyashika. Nilisimama bila kutikisika. Nikapitisha kamba. Ikachukuliwa. Ikazungushwa, ikarudi kwangu kupitia upenyo wa juu yake, ncha tu, vidole sikuviona. Nikafunga. Nikashuka chini kidogo, nikapitisha tena.

Tulikwenda hivyo ua mzima, na vile vipande ambavyo havikulegea tulivifunga pia. Kengele ya kanisa ikalia ya kwanza, ikalia ya pili. Nguzo za Godwin zimechipua majani, ilibidi nipenyeze kamba katikati yake. Tulipofika ukutani hapakuwa na pa kwenda tena. Nilikuwa nimebaki na ncha mkononi na yeye ameshika nyingine.

"Ndaga," akasema, ndiyo asante ya Kinyakyusa. Aliyaambia matete, uso umegeukia ukuta, nilijua kwa jinsi sauti ilivyotoka.

Mimi mkamwana simjibu. Nikavuta kamba, kidogo tu. Upande wa pili naye akavuta.